Matanga Yana Bajeti

Agosti 1911, mtaa wa Lambeth kusini mwa London, mtoto wa miezi sita alikufa kwa ugonjwa wa kuhara, na hesabu ya mazishi yake ikaandikwa. Mazishi yenyewe, pauni 1 na shilingi 12. Cheti cha kifo, shilingi 1 na peni 3. Wachimba kaburi, shilingi 2. Wahudumu wa gari la maiti, shilingi 2. Mama aliyemwosha na kumlaza, shilingi 2. Wakala wa bima, shilingi 1. Maua, peni 6. Tai nyeusi ya baba, shilingi 1. Jumla ni pauni 2, shilingi 1 na peni 9.

Pesa ya Kiingereza ya zamani ilihesabiwa hivi: peni 12 ni shilingi, shilingi 20 ni pauni. Baba wa kawaida wa mtaa ule alipata kama pauni moja kwa wiki. Kwa hivyo mtoto aliyeishi nusu mwaka alizikwa kwa mshahara wa wiki mbili. Wazazi wake walikuwa wamemkatia bima ya mazishi, peni 2 kila wiki tangu azaliwe, na bima ikawapa pauni 2. Zilizopungua walijijazia.

Hesabu hiyo iko katika kitabu kinachoitwa Round About a Pound a Week, cha Maud Pember Reeves, kilichotoka 1913. Nilikipata bure kwenye intaneti, kwa sababu umri wake umepita wa kulipiwa, na nilikisoma kwa simu usiku tatu mfululizo. Chuo niliacha mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na tangu hapo nasoma historia kama watu wengine wanavyotazama mpira. Lakini hiki hakikunipa raha. Kilinifanya nitoe daftari langu, nitakueleza ni daftari gani.

Kwanza kitabu chenyewe. Pember Reeves alikuwa katika kundi la wanawake wasomi wa London, Fabian Women's Group, wasoshalisti wa kuongea sana na kuandika sana. Wakati huo Uingereza ilikuwa na hofu kuhusu watoto wachanga. Mwaka wa 1899, katika Uingereza na Wales, watoto zaidi ya 160 kati ya kila 1,000 waliozaliwa walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Ukitaka kulinganisha, uchunguzi wa kitaifa wa afya hapa Kenya mwaka 2022 ulipata 32 kati ya 1,000. Yaani London ya malkia, yenye treni chini ya ardhi, ilikuwa ikizika watoto mara tano yetu.

Hofu yao haikutokana na huruma peke yake. Vita vya Makaburu vilikuwa vimeanza mwaka huohuo wa 1899, na vijana waliojitokeza kuwa wanajeshi walikataliwa kwa wingi: wafupi, meno yameoza, vifua vibovu. Serikali ikaunda kamati, kama serikali zinavyopenda. Watu wakubwa wakaanza kuuliza himaya italindwa na nani ikiwa watoto wanakufa na wanaobaki ni dhaifu. Jibu lililopendwa zaidi likawa kwamba mama maskini hajui kulea. Afundishwe usafi, afundishwe kupika, afundishwe kunyonyesha.

Kundi la kina Reeves likafanya jambo rahisi. Walichukua majina ya wanawake wajawazito kutoka hospitali ya uzazi iliyokuwa karibu, wakawapa shilingi 5 kila wiki kuanzia miezi mitatu kabla ya kujifungua mpaka mtoto afikishe mwaka mmoja. Walifanya hivyo kwa miaka minne, 1909 hadi 1913. Hawakuwa maskini wa mwisho kabisa wa Lambeth. Waume zao walikuwa na kazi, watu wa heshima zao. Kila wiki mama mmoja wa kundi alikuja nyumbani, mtoto akapimwa uzani, na mwenye nyumba akaonyesha daftari la matumizi. Wengine hawakujua kuandika, basi mume au mtoto mkubwa akawa karani.

Mpango ulikuwa kwamba chakula kinachonunuliwa kwa hizo shilingi 5 kiliwe na mama peke yake, yeye na kitoto chake. Ulidumu kiasi gani? Wewe fikiria umekaa katika chumba kimoja na watoto wanne wenye njaa, unakunywa maziwa yako mbele yao kwa amri ya kamati. Haikuwezekana, na wale wanawake wasomi wakalazimika kukubali. Waligundua pia kwamba kipande cha nyama kilikuwa cha baba, juu mwili wake ndio ulioleta pauni. Mama alikula mwisho, kile kilichobaki.

Kuna sehemu kuhusu uji ambayo ningependa kila mfanyakazi wa shirika la misaada aisome. Wataalamu walikuwa wakiwashangaa wanawake wa Lambeth: kwa nini mnawapa watoto mkate na chai, na uji ni wa bei nafuu na una nguvu? Wanawake wakajibu kwamba watoto hawautaki, unawachefua. Kumbe uji uliokuwa ukipikwa haukuwa na maziwa wala sukari ya kutosha, na sufuria ilikuwa moja, nzee, ileile iliyopika samaki jana. Gesi ya kuuchemsha polepole ilikuwa ya kulipia kwa peni kwenye mita, na mama alikuwa na mtoto mkononi. Uji ukaungua. Mkate hauungui, hautaki sufuria, na mtoto anaweza kuula akiwa mlangoni. Walijua wanachofanya. Mtu alikuwa amewaletea somo la mapishi badala ya sufuria ya pili.

Halafu kuna bima ya mazishi. Karibu kila nyumba ililipa, kama peni moja kwa wiki kwa kila mtoto, na wakala alikuja mlangoni kuzichukua. Watu wa juu walikasirika: kwa nini mnapoteza pesa kwa jeneza badala ya maziwa? Reeves akakaa akapiga hesabu, akaona kwamba mama hana njia. Asipolipa, na mtoto akafa, kuna mawili: azikwe na serikali kama fukara, jambo ambalo mtaa hautalisahau, au familia ikope na ikae na deni miezi mingi huku walio hai wakila kidogo zaidi. Basi analipa. Na peni zenyewe zinatoka kwenye chakula cha watoto walio hai, kila wiki, mwaka mzima.

Hapo ndipo nilipotoa daftari.

Mimi ndiye mweka hazina wa grupu ya WhatsApp ya familia yetu, watu sitini na kitu, kutoka Nairobi, Mombasa, Kisumu na mmoja yuko Doha. Nilipewa kazi hiyo baada ya kuacha chuo, nadhani kwa sababu ilionekana nina muda. Ninaandika kila mchango: jina, kiasi, tarehe, msiba wa nani. Sisi ni watu wa Siaya, na kwetu mtu hazikwi kimyakimya. Tuko vizuri sana katika hilo. Ujumbe ukiingia saa nne usiku, kufikia asubuhi kuna kamati, mwenyekiti, namba ya M-Pesa na bajeti yenye hema na viti.

Katika daftari kuna mtoto wa binamu yangu. Aliishi siku tisa, zote katika chumba cha watoto wachanga cha hospitali moja. Tulichanga 61,400 kwa siku tatu. Sehemu kubwa ilikuwa bili, maana mwili haungetoka kabla ya kulipwa, kisha mochari, jeneza dogo, na gari la kumleta nyumbani. Wiki tatu kabla ya kujifungua, binamu huyohuyo alikuwa ameandika kwenye grupu hiyohiyo akiuliza kama kuna mtu anaweza kumsaidia na 1,500 ya gari aende kupimwa, miguu imevimba na kichwa kinamuuma. Chini ya ujumbe wake kuna emoji mbili za mikono ya maombi. Mimi nilimtumia 300, ndizo zilizokuwa kwenye simu. Sisemi 1,500 ingemwokoa mtoto, mimi si daktari. Nasema tu kwamba 61,400 ilikuwepo. Ilikuwa mifukoni mwa watu haohao, mwezi huohuo.

Ukiangalia hivyo, swali la historia linabadilika kidogo. Pesa ya mtoto aliyekufa haikosekani, London 1911 wala Siaya. Kinachogoma ni ile ya kabla, na kila mahali nilipoangalia, kilichoigomesha ni wasiwasi kwamba mama ataitumia vibaya.

Angalia mji wa Huddersfield, wa viwanda vya sufu, kaskazini mwa Uingereza. Mwaka wa 1904 meya mpya, Benjamin Broadbent, aliahidi pauni moja kwa kila mtoto atakayezaliwa katika kitongoji cha Longwood wakati wa umeya wake, akifikisha mwaka mmoja akiwa hai. Walio wengi walifikisha, na magazeti yakamsifu. Alikuwa mtu mwema, na aliendelea na kazi hiyo kwa miaka. Lakini angalia pesa inafika lini: siku ya kuzaliwa ya kwanza, kama zawadi ya mtihani. Yule ambaye pauni ingemfaa mwezi wa pili, mtoto akiwa anahara, hakuiona. Hata meya mwenye moyo hakuweza kumwamini mama kwa pesa kabla ya matokeo.

Halafu 1914 ikaja vita, na serikali ya Uingereza ikajikuta inalipa wanawake kwa mamilioni bila kupanga. Mume akienda mbele, mke alipata malipo ya kila wiki, na yaliongezeka kwa kila mtoto. Kwa mara ya kwanza wanawake wengi wa mitaa ile walishika pesa ya uhakika mkononi, bila kungoja mume apitie baa kwanza. Kelele zikaanza mara moja: wanakunywa! Ilipofika Oktoba 1914 serikali ilikuwa imetoa waraka wa kuwataka polisi wawachunguze wake wa askari, na yule atakayeonekana hastahili, kwa ulevi au kwa kuwa na mwanamume mwingine, akatiwe malipo. Mume yuko kwenye handaki Ufaransa, mke anafuatwa na polisi hadi dukani.

Vifo vya watoto wachanga vilipungua katika miaka ile ya vita, jambo ambalo usingelitarajia nchi ikiwa na upungufu wa chakula na madaktari wengi wameenda jeshini. Mwanahistoria Jay Winter amesema sababu kubwa ni kwamba familia za wafanyakazi zilikuwa na kipato kizuri zaidi na zilikula vizuri zaidi. Wengine wamebishana naye kuhusu ukubwa wa mabadiliko hayo na chanzo chake. Mimi namwegemea, lakini nakubali kwamba vita ni maabara mbaya, mambo mengi sana hubadilika pamoja.

Mwanamke mmoja hakungoja wanahistoria. Eleanor Rathbone wa Liverpool alifanya kazi ya kusimamia hayo malipo ya wake wa askari mjini kwake, akaona kwa macho yake nyumba zinavyobadilika. Vita vilipoisha, malipo yakaisha, yeye akakataa kuyasahau. Alipigana karibu miaka 30. Mwaka wa 1924 alichapisha kitabu, The Disinherited Family, akieleza kwamba mshahara wa mwanamume haujui ana watoto wangapi, kwa hivyo mtoto lazima awe na pesa yake. Vyama vya wafanyakazi vilimshuku, vikiogopa waajiri watapata kisingizio cha kushusha mishahara. Wahafidhina wakasema baba atakuwa mvivu. Akaingia bungeni 1929 akaendelea kuwachosha wote.

Mwaka wa 1945 sheria ikapita: shilingi 5 kwa wiki kwa kila mtoto isipokuwa wa kwanza. Shilingi 5, kiasi kilekile cha Lambeth, ingawa ilikuwa imepoteza thamani, na William Beveridge alikuwa amependekeza 8. Na muswada ulivyoletwa ulisema pesa ni mali ya baba. Rathbone akatisha kwamba ataupinga muswada wake mwenyewe alioupigania maisha yake yote. Wabunge wakaachwa wapige kura kwa dhamiri zao, na ikabadilishwa iwe ya mama. Malipo ya kwanza yalitoka Agosti 1946, Jumanne, kwenye posta. Rathbone alikuwa amekufa Januari ya mwaka huo.

Sasa njoo upande wetu wa himaya hiyohiyo. Miezi mitano baada ya kina mama wa Uingereza kupanga foleni posta, Januari 1947, wafanyakazi wa Mombasa waligoma: bandari, reli, hoteli, kila kitu kikasimama, na Chege Kibachia akaibuka kuwa sauti yao. Walikuwa wakilipwa mshahara ambao wakoloni wenyewe waliuita wa kapera. Hesabu yake ilikuwa ya mwanamume mmoja, kitanda kimoja, unga wa mtu mmoja. Ulizaliwa na wazo kwamba mke na watoto wako mashambani na wanajilisha. Mwaka wa 1954 kamati ya mishahara ya Waafrika, ile ya Carpenter, ilikiri rasmi kwamba mshahara huo hauwezi kutunza familia, ikapendekeza upandishwe pole kwa pole mpaka ufike mara mbili na nusu.

Kwa hivyo nani alikuwa akilipa gharama ya kuwalea watoto wa wafanyakazi wa reli? Jembe la mama, Nyanza. Sehemu tunayoita Siaya leo ilikuwa mojawapo ya visima vya vibarua wa koloni; wanaume walienda Mombasa, Nairobi, mashamba ya chai, na wanawake wakalima wakiwa na mimba na wakarudi shambani kabla kitovu cha mtoto hakijapona. Dani yangu, nyanya mzaa baba, alizaa mara tisa akazika wanne. Ukitaka takwimu za vifo vya watoto za wakati huo, sikiliza majina. Mjaluo akimwita mtoto Owiti au Awiti, anasema aliyetupwa; ni jina la mtoto aliyezaliwa baada ya wenzake kufa, akatupwa kwa ishara ili kifo kisimtamani. Nina mjomba Owiti na mashangazi wawili wanaoitwa Awiti. Hakuna kamati iliyowahi kukaa kwa ajili ya wale waliowatangulia.

Pesa ilifika Siaya kati ya 2014 na 2017, na haikuletwa na serikali. Shirika la Kimarekani, GiveDirectly, lilichukua vijiji 653 pamoja na watafiti wa uchumi, vijiji vikagawanywa kwa bahati nasibu, vingine vikapata na vingine vikangoja. Katika vilivyochaguliwa, mwenye nyumba ya nyasi alipata kama dola 1,000, wakati huo karibu shilingi 87,000, kwa M-Pesa, kwa awamu tatu. Hakuna semina, hakuna daftari la matumizi, hakuna mama wa kamati kuja kupima mtoto. Zaidi ya nyumba 10,500 zilipata. Dani hangepata kitu, yeye alikuwa na mabati, na mabati ndiyo yaliyokuwa mstari kati ya maskini na asiye maskini. Hiyo nayo ni hadithi.

Wengine walikataa. Katika kaunti jirani ya Homa Bay, mwaka 2015, karibu nusu ya waliofikiwa na shirika hilohilo walikataa pesa, uvumi ukisema ni za shetani. Watu wa Nairobi walicheka sana. Mimi sioni kichekesho. Mtu ambaye hajawahi kupewa chochote bila masharti, siku anapewa 87,000 na mgeni, akiuliza mwenyewe anataka nini, hilo ni swali zuri.

Miaka ilipopita watafiti walirudi, wakauliza kuhusu uzazi zaidi ya 100,000: mtoto gani alizaliwa lini, yuko hai, kama hayuko alikufa kwa nini. Matokeo yalitoka Agosti 2025, na watafiti wakuu ni pamoja na Edward Miguel na Michael Walker. Katika nyumba zilizopata pesa, vifo kabla ya mwaka mmoja vilipungua kwa asilimia 48. Kabla ya miaka mitano, asilimia 45. Soma tena taratibu. Karibu nusu, na hakuna chanjo mpya iliyovumbuliwa.

Ukiingia ndani ndipo inakuwa tamu. Faida kubwa ilikuwa kwa waliopata pesa karibu na wakati wa kujifungua. Wale ambao pesa iliwafikia wakati mwingine hawakufaidika vile. Kuzaa hospitalini kulipanda kwa asilimia 45. Nyumba zilikula vizuri zaidi. Na wanawake walipunguza kazi kwa nusu hivi katika miezi mitatu kabla na mitatu baada ya kujifungua.

Hilo la mwisho ndilo lililonishika. Mama alilala. Jembe likawekwa pembeni. Kumbuka kwamba tangu 1 Juni 2013 kujifungua katika hospitali za umma kulikuwa bure, Uhuru alitangaza, kwa hivyo vijiji vilivyopata pesa na visivyopata vilikuwa na ubure uleule kwenye karatasi. Tofauti ilikuwa bodaboda ya usiku, khanga na pamba za kuingia nazo wodini, mtu wa kulipwa apalilie mahindi, na uhakika kwamba ukilala siku ishirini watoto wakubwa hawatalala njaa. Ni yale yale ya sufuria ya pili.

Na kuna upande ambao wapenzi wa pesa taslimu huupita haraka: mahali ambapo hospitali yenye daktari ilikuwa mbali, matokeo yalikuwa madogo. Pesa haikai kwenye kichwa cha mtoto ikamtoa tumboni. Inamfikisha mama mlangoni, na mlangoni lazima kuwe na mtu. Katika miaka hiyohiyo madaktari wa umma waligoma siku 100, Desemba 2016 hadi Machi 2017, kisha wauguzi wakagoma miezi mitano. Anayekuambia tuwape watu pesa badala ya kuajiri wauguzi amesoma nusu ya ripoti, na anayekuambia tujenge wodi mama watakuja wenyewe amesoma ile nusu nyingine.

Kuhusu ulevi, kwa sababu najua kuna msomaji ambaye bado anangojea nifike hapo: David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti 19 kutoka nchi mbalimbali kuhusu watu maskini waliopewa pesa, wakitafuta pombe na sigara. Matumizi hayo hayakupanda. Polisi wa 1914 wanaweza kurudi kituoni.

Serikali yetu inao mpango, Inua Jamii, 2,000 kwa mwezi. Unawagusa wazee, nyumba zenye mayatima na watoto walio hatarini, na watu wenye ulemavu mkubwa, ikifika kwa wakati, na mara nyingi haifiki kwa wakati. Mtoto akishakuwa yatima anaweza kuingia kwenye orodha. Mama mwenye mimba ya miezi saba, mume hai, hana kundi. Linda Mama, iliyokuwa ikilipia uzazi, ilibadilishwa pamoja na NHIF tulipohamia SHA Oktoba 2024, na sasa hata ule ubure wa kwenye karatasi umekuwa wa kuulizia kaunta. Nauli, chakula na mapumziko havijawahi kuwa kwenye fomu yoyote.

Krismasi iliyopita tulikutana ocha nikaleta hoja kwenye mkutano wa familia. Nilisema tutenge pesa kidogo kila mwezi, na mwanamke yeyote wa familia akifikisha miezi saba atumiwe 10,000, bila kuomba, bila kueleza. Niliwasomea daftari. Kukawa kimya, kisha mjomba Owiti akauliza, kwa upole kabisa, kwamba na akila hizo pesa halafu mtoto asiishi, tutamdai? Binamu yangu alikuwa ameketi karibu na mlango, amembeba mtoto wa mtu. Akasema, "Mjomba, ile 61,000 mlinidai?"

Ilipita. Mia mbili kila mtu kila mwezi, kwa majaribio ya mwaka mmoja. Kabla ya kufunga mkutano shangazi mmoja aliinua mkono akataka iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba wahusika watatuma risiti.